Wingu Likishuka Jali, Mwalimu Joselyne Husubiri Sauti za Wazazi

Saa mbili na nusu asubuhi, na kabla daftari lolote halijafunguliwa, darasa la pili linapiga kelele za namba. Watoto hamsini na watatu wamesimama, kila mmoja anataja namba ya simu ya mzazi wake, wote kwa pamoja, na hakuna anayemsikia mwenzake. Mpita njia angedhani kituo cha mabasi cha Nyabugogo kimehamia darasani.

Mwalimu Joselyne Mukandori anapita kati ya madawati, ameinama, sikio mdomoni mwa huyu, kisha mdomoni mwa yule. Anayekosea tarakimu moja anarudia tangu mwanzo. Mvulana mmoja anataja namba ya babu yake badala ya ya mama, anachekwa, naye anacheka pia.

Mwalimu hacheki. Kila baada ya hatua chache anainua macho dirishani, upande wa mlima Jali, ambako wingu zito limeanza kushuka kuelekea mtaa huu wa Gatsata.

"Wingu likikaa pale, siwezi kuacha kulitazama," anasema kwa sauti ya chini. "Watoto wanafikiri naangalia ndege."

Ni Aprili, mwezi ambao hapa Kigali mvua haibishi hodi. Shule hii ya msingi, ambayo gazeti hili limeombwa lisiitaje, imekaa kwenye mteremko juu ya barabara ya Nyabugogo. Nyuma yake kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo wa kilima, na ukuta huo una ufa. Mbele yake, chini kidogo, unapita mfereji mkubwa wa maji ya mvua, wenyewe wanauita ruhurura. Siku za jua maji yake unaweza kuyaruka kwa mguu mmoja. Siku za mvua unabeba matairi ya gereji.

Karibu nusu ya watoto wa Joselyne wanakaa ng'ambo ya mfereji huo. Wazazi wao wengi hawapo mtaani mchana. Kina baba wako chini ya magari katika gereji, mikono imejaa oili hadi viwiko. Kina mama wako sokoni, au kwenye viwanda vya Masoro, upande wa pili wa jiji. Kati ya mwalimu na watu hao kuna kitu kimoja tu, na kitu hicho ni simu.

Joselyne ana kundi la WhatsApp la darasa lake. Kwa wenye simu za vitufe hutuma ujumbe mfupi, kisha hupiga. Alizaliwa na kukulia Bujumbura, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Kinyarwanda, hivyo Kiswahili kinamtoka bila kukwama, jambo linalomsaidia sana kwenye mtaa wenye Warundi na Wakongomani wengi. Na kwa kuwa fundi mwenye oili mikononi hawezi kusoma huku ameshika spana, tangu mwanzo Joselyne alizoea kurekodi sauti.

Walimu wenzake wanamwita Redio Gatsata. Hachukii jina hilo. Ila anakumbuka siku ambayo redio ilizungumza na hakuna aliyeisikia.

Ilikuwa Aprili ya mwaka jana. Watoto hawa walikuwa darasa la kwanza. Mvua ilianza asubuhi, ikaongezeka, na mkuu wa shule, Eustache, ambaye walimu wote humwita Diregiteri, akazunguka darasa kwa darasa akisema watoto watoke kabla ukuta haujafanya lake. Joselyne akashika simu, akarekodi huku akiwafunga watoto vifungo vya sweta.

Alianza kwa salamu, kama mtu yeyote aliyelelewa. Akauliza hali za nyumbani. Akasema mvua ni kubwa. Kisha, mwishoni kabisa, akauliza lililokuwa na maana: watoto wa ng'ambo wavuke sasa hivi pamoja na wakubwa wa darasa la sita, au abaki nao mpaka mtu wa nyumbani aje? Anayekubali mtoto avuke aseme ndiyo, asiyekubali aseme hapana.

Majibu yalimiminika kabla hajamaliza kifungo cha mwisho. "Yego mwarimu, murakoze." Ndiyo mwalimu, asante. "Yego, murakoze cyane." Mikono iliyokunjwa, mioyo, vidole gumba. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

"Nilifurahi," anasema. "Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema leo wazazi wangu wamenisikia."

Hapa msomaji asiyeijua Kigali anahitaji kuambiwa jambo. Mwalimu akikuandikia, hunyamazi. Neno la mwalimu haliachwi chini. Hata kama uko juu ya ngazi, hata kama mtoto analia mgongoni, utajibu ndiyo na asante, kisha utatafuta nafasi ya kusikiliza alichosema. Ni adabu, na watu wa hapa wana adabu nyingi.

Pudentienne, mama wa msichana anayeitwa Iteka, ana adabu hiyo yote. Anashona mashati katika kiwanda kimoja huko Masoro. Asubuhi ile, wakati wa mapumziko ya chai, aliona sauti ya mwalimu imeingia. Ilikuwa ndefu, na kengele ya kurudi kwenye mashine ilikuwa inalia.

"Mwarimu hanyamaziwi," anasema Pudentienne, aliyekubali kuzungumza nasi akiwa amesimama mlangoni kwake, mfuko wa kazi begani. "Nikaandika yego, murakoze. Nikasema nitasikiliza mu bisi, nikirudi. Nilijua ni mambo ya kalamu ao ya mukutano. Wallahi sikujua naulizwa mutoto wangu."

Kwa hiyo Iteka akavuka.

Au tuseme alianza kuvuka. Msafara wa watoto ulipofika kwenye daraja dogo la mbao, maji yalikuwa yameshalilamba. Wakubwa walishikana mikono, wakapita haraka, wakavuta wadogo. Walipofika juu upande wa pili na kuhesabiana, mkono wa mwisho ulikuwa haujashika mtu.

Msichana wa darasa la sita alirudi kwa njia ya barabara kuu, akakimbia mpaka shuleni, amelowa chapachapa. Alisema maneno mawili tu: "Iteka hayupo."

Joselyne anasema hakumbuki alivyotoka darasani. Anakumbuka kwamba alisimama kwenye veranda, akaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa: NANI AMEMWONA ITEKA?

Jibu la kwanza liliingia papo hapo, kutoka kwa baba mmoja wa gereji.

"Yego mwarimu, murakoze."

La pili likafuata. "Murakoze." Kisha mikono iliyokunjwa.

"Ndipo nilipoelewa," anasema. Ameshika kingo za dawati kana kwamba veranda ile iko hapa. "Hawajanisikia asubuhi. Hakuna hata mmoja. Nimewaachia watoto wote wale kwenye maji kwa ndiyo ya watu ambao hawakunisikia. Niliogopa mpaka nikasahau kulia."

Aliteremka mfereji kwa miguu, bila mwavuli, akiita. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali, yanapita na matawi, madumu, kiti kimoja cha gari. Chini karibu na barabara aliona kitu cha bluu kimenasa kwenye mawe, bluu ile ile ya sweta ya shule. Aliingia maji hadi magotini kukifikia. Kilikuwa kipande cha turubai.

Alikaa kwenye jiwe akiwa amekumbatia turubai hilo. Mpaka leo hawezi kueleza kwa nini hakulitupa.

Mvua ilipopungua alianza kupanda kurudi, ili ampigie mama wa mtoto. Alikuwa ameshaipanga sentensi ya kwanza na kuifuta mara nyingi. Katikati ya mteremko, kwenye kona ya gereji, akamwona mwanamume mwenye ovaroli anakuja, amebeba mtoto. Kichwa cha mtoto kimelala begani. Mikono inaning'inia. Mguu mmoja hauna kiatu.

Joselyne alipiga magoti pale pale kwenye tope.

Yule mwanamume, naye akamwona, akaanza kukimbia na mzigo wake, akipiga kelele: "Mwarimu, iko analala! Analala tu!"

Alikuwa fundi Damascène, mtu wa mabodi ya magari, asiye na mtoto katika shule hiyo. Alimkuta Iteka amesimama kando ya daraja, ameganda, kiatu kimoja kimekwenda na maji. Alimbeba, akamweka ndani ya gari lisilo na injini uani kwake, akapandisha vioo, akamfunika koti.

"Mimi niliona mutoto iko kando ya maji, inatetemeka," anasimulia Damascène, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Simu ilikuwa mufukoni. Lakini napigia nani? Namuuliza namba ya mama, hajui. Ya mwarimu, hajui. Sasa simu itasaidia nini? Nikangojea muvua ipungue, nimurudishe ku shule."

Jioni hiyo, kwenye basi kutoka Masoro, Pudentienne aliweka simu sikioni na kusikiliza ile sauti kwa mara ya kwanza. Alisikia salamu. Alisikia habari za mvua. Kisha akasikia swali, na akaliona jibu lake mwenyewe limeandikwa chini yake tangu asubuhi. Aliomba dereva asimamishe basi mahali pasipo kituo. Wakati huo Iteka alikuwa nyumbani kwa jirani, amekula, anacheza. Mama yake hakujua. Njia yote ile aliikimbia bila kujua kama ana mtoto.

Kesho yake Joselyne alimsubiri shuleni akiwa amejiandaa kutukanwa. Pudentienne alifika mapema, akasimama mbele yake, akamshika mikono.

"Mwarimu," alimwambia, "nilikujibu kabla ya kukusikia."

Tangu siku hiyo Joselyne ana sheria, na hana nyingine anayoishika kama hiyo. Siku ya mvua, mtoto haondoki kwa neno lililoandikwa. Haondoki kwa kidole gumba wala kwa tiki za bluu. Mzazi anarekodi sauti yake mwenyewe, anasema kwa kinywa chake mtoto afanye nini: avuke na nani, abaki, au afuatwe na nani. Mwenye simu ya vitufe anapigiwa, simu inawekwa sauti ya juu. Kisha mtoto mwenyewe anasikilizishwa na kuulizwa, "Huyu ni nani?" Akisema ni mama, ndipo begi linavaliwa.

Salamu amezikata. Ujumbe wake sasa unaanza na swali, na wazee wawili watatu waliwahi kumlalamikia kwamba siku hizi anaongea kama askari. Anawaomba radhi jua likiwaka.

Damascène ameingizwa kwenye kundi, pamoja na mafundi wengine wa kando ya mfereji. Watoto wanakariri namba kila asubuhi. Na darasa lilipopanda mwaka huu, Joselyne aliomba apande nalo, kwa sababu hakuweza kufikiria mtu mwingine akisoma zile yego murakoze.

Hofu haijaondoka. Anasema hivyo waziwazi, bila aibu. Mwezi wa Aprili haumpi hamu ya kula. Mume wake amezoea kumwona ameketi kitandani akisikiliza bati.

Mwezi huu hofu yake imepata sababu mpya. Shule inajaribu mfumo mpya wa simu. Diregiteri anabonyeza mara moja kwenye kibao chake, ile tableti ya shule, na wazazi wote wa shule wanapata ujumbe uliorekodiwa, na kila aliyeufungua jina lake linawaka kijani.

Eustache si mtu mbaya, na hoja yake ina uzito. "Nina zaidi ya watoto mia sita," anasema, akionyesha ukuta wenye ufa kupitia dirisha la ofisi yake. "Sauti moja moja ni nzuri, lakini kilima hakitasubiri Joselyne amalize kusikiliza. Wakibaki humu, huo ukuta nani atauomba usubiri?"

Joselyne anajua. Hilo ndilo linalomtafuna zaidi. Mbele maji, nyuma udongo, na yeye katikati na simu.

Saa tano kasoro dakika chache, tukiwa bado darasani, mvua inaanza. Haianzi kwa matone. Inamwagika kwenye bati zima kwa mara moja, na watoto wanaziba masikio. Diregiteri anapita mlangoni na kibao chake, anainamisha kichwa kumaanisha ni leo.

Ujumbe wa shule unakwenda. Joselyne naye anarekodi wa kwake, maneno machache: "Daraja limeanza kupata maji. Walimu wanavusha sasa hivi kwa barabara kuu. Mtoto wako avuke au abaki? Niambie kwa sauti."

Darasa zima linahamishiwa chumba cha mbele, mbali na ukuta, karibu na barabara. Sauti zinaanza kuingia. Mama muuza nyanya anapiga kelele kushinda mvua ya sokoni. Baba mmoja anaongea huku nyundo inagonga nyuma yake. Joselyne anaweka kila sauti, mtoto anasikiliza, anataja jina, anavaa begi. Mikono yake inafanya kazi upesi, lakini mara mbili anasahau jina la mtoto anayemfundisha mwaka wa pili sasa.

Mwisho anabaki mmoja ambaye sauti ya mzazi wake haijaingia. Ni Iteka, sasa ana miaka saba, ameketi dawati la mbele na begi mapajani.

Walimu wawili wanasubiri mlangoni na kundi la mwisho la kuvuka. Mmoja anaita, "Joselyne, maji yanapanda!"

Diregiteri anaingia, amelowa, ananyoosha kibao. "Mama yake ameshapata. Tazama, kijani. Mwachie aende na wenzake, ni msafara wa mwisho."

Joselyne anatazama jina la Pudentienne linavyowaka. "Amesikia?"

"Ameufungua."

"Diregiteri, nakuuliza kama amesikia."

Eustache anatazama kibao, anatazama ukuta kwa mbali, anatazama mtoto. Joselyne anapiga simu ya Pudentienne. Inaita mpaka inakatika. Anapiga tena. Inaita mpaka inakatika.

"Nendeni," anawaambia walimu wa mlangoni. "Huyu anabaki na mimi."

Msafara unaondoka. Chumba kinabaki na mwalimu, mkuu wa shule, mtoto, sisi wa gazeti, na mngurumo wa bati. Kama amekosea, ameshamnyima mtoto njia ya kutoka, na nyuma yao kilima kinakunywa maji. Joselyne anamvuta Iteka karibu, anamfunga kifungo cha juu cha sweta, anakifungua, anakifunga tena.

Kisha simu inalia mlio mfupi. Ni sauti. Joselyne anaiweka juu kabisa.

"Mwarimu, ni mimi mama Iteka." Nyuma yake kuna mvua, na mashine kwa mbali. "Ile ya Diregiteri nilifungua tu, sikusikiliza, supavaiza alikuwa nyuma yangu. Sasa nimetoka inje, nimesikia yote. Iteka asivuke. Oya, hapana, asivuke. Abaki na wewe. Nakuja mimi mwenyewe."

Eustache anakitazama kibao chake, kile kijani bado kinawaka. Kisha anakizima na kukiweka kwapani. "Niandikie unavyotaka mfumo uwe," anasema. "Nitawapelekea wenyewe walioutengeneza."

Baadaye, mvua ikiwa imepungua kidogo, tunamuuliza Joselyne ataandika nini. Anasema anataka mfumo huo uwe na mahali pa sauti ya mzazi, na kijani kisiwake mpaka sauti hiyo iwe imeingia. Anataka mafundi wote wa kando ya mfereji wawemo, wenye watoto na wasio nao. Anataka daraja lipate vyuma vya kushikia, ingawa hilo anajua haliko kwenye simu. Na siku moja, anasema, anataka kuona wingu likishuka Jali akaendelea kufundisha hesabu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa sasa maji yanaunguruma chini, Masoro ni mbali, na mama bado yuko njiani. Joselyne anamgeukia mtoto, kwa kuwa sheria ni sheria hata kwake.

"Huyu ni nani, Iteka?"

"Ni mama."

Mtoto anaegemea mkono wa mwalimu, anatazama dirisha ambalo halionyeshi chochote ila maji, halafu anaisogelea simu.

"Mwarimu, weka tena."

Joselyne anaiweka tena. Inapokwisha, kabla mtoto hajasema neno, anaiweka mara ya tatu.